Kongosho Langu Lilivyokwenda Dar na Kurudi

Tangu nirudi mnaniuliza safari ilikuwaje, na kila ninayekutana naye namjibu kipande kinachomfaa. Waimbaji wa kwaya nimewapa habari za basi. Jirani zangu wa shambani nimewaonyesha mshono. Mchungaji nimempa shukrani. Sasa naandika yote mara moja, asije mtu akasema mwenzake alipewa nyama na yeye mchuzi. Habari za barua za rufaa na foleni za dirishani naziruka, kwa sababu mihuri yote inafanana.

Kwa asiyenijua: naitwa Ezekia, nalima muhogo na maharage hapa Busunzu, wilaya ya Kibondo, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa katibu wa kanisa letu. Katibu ndiye anayesoma matangazo. Nilikuwa mdomo wa kanisa, na mdomo huo, kila jioni kabla ya kufika nyumbani, ulipitia nyuma ya jiko la Daforoza.

Daforoza ni mjane. Mbele ya nyumba yake aliuza ndizi za kuchoma na togwa. Nyuma aliuza gongo, kwa watu wachache wenye heshima zao. Mimi nilikuwa na heshima kuwazidi wote, kwa hiyo nilikunywa kwa kikombe cha chai, ili anayechungulia aone chai. Wazazi wake walitoka Burundi wakikimbia. Yeye amezaliwa hapa hapa, uraia anao, na Kiha chake ni kizuri kuliko changu. Watu wakiwa na njaa humwita dada. Wakikasirika humwita Mrundi.

Maumivu yalinianza taratibu, chini ya chembe cha moyo, yakipenya mpaka mgongoni. Nikila najikunja, nisipokula nakonda. Haya niliyaficha pamoja na sababu yake. Halafu siku ya harusi ya binti yake Daforoza nikanywa togwa yake mbele ya watu wote, na kabla sijamaliza kusoma orodha ya zawadi nikaanguka chini nikilia kama mbuzi. Hakuna aliyekuwa ameona miaka saba ya vikombe vya chai. Wote waliona togwa moja.

Mnajua mambo ya kwetu. Mtu haumwi tu hivi hivi, lazima awe amelishwa kitu. Na aliyelishwa hupelekwa kwa mganga wa kutapisha, na mganga mwenye jina hakuachii uende bila kukuonyesha kilichotoka: jino, unywele, kipande cha ngozi, amekiweka juu ya jani la mgomba. Mimi nilipelekwa mara mbili. Nilitoa uji.

Basi ukoo ukakaa kikao. Wakaamua niende hospitali kubwa Dar es Salaam, nikapasuliwe, na kitakachotoka tumboni ndicho kitakachosema. Kikiwa ugonjwa, Daforoza ataendelea kukaa Busunzu. Kikiwa kitu, atafungasha. Shangazi yangu Melania wa Kasulu akateuliwa aende kukiona kwa macho yake. Wote wakaona ni haki tupu. Mimi nilikuwemo kwenye kikao hicho, nikijua ninachokijua, na nikaandika muhtasari.

Asubuhi ya kuondoka Daforoza alikuja kuniaga. Alisimama mbali kidogo na mlango, kama mtu aliyekatazwa kuingia.

"Katibu, hao madaktari watakuambia kilichokuumiza."

"Wataniambia."

"Na wewe utawaambia hawa wa hapa?"

"Nikirudi, dada. Kitu cha kwanza."

"Mimi siwezi kusema. Nikisema nauza, polisi wananibeba. Nikisema ulikuwa unakunywa, nani atanisikiliza mimi na wewe katibu upo? Mwenye mdomo ni wewe."

Nikamwapia kwa jina la Mungu. Nilikuwa hodari wa kuapa.

Busunzu hadi Kasulu, kumfuata Shangazi

Mtu mwenye akili akitaka kwenda Dar kutoka Busunzu hushika njia ya Kibondo. Mimi nilikwenda kinyume, Kasulu, kwa sababu mgonjwa wa kwetu hasafiri bila shangazi, na Shangazi Melania hapandi basi katikati ya njia kama furushi la muhogo. Lazima apande linapoanzia, achague kiti.

Nikapanda mchomoko, ile gari ndogo ya watu watano inayobeba tisa. Tulipofika Makere akaingia Mkongomani mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtu mzima, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Akaona nilivyojikunja.

"Papa, uko naumwa wapi?"

"Tumbo. Wanasema ni kongosho."

"Ah, pankreasi. Mi niko infirmye, nilifanya kazi ya kutunza bagonjwa miaka mingi. Sasa, papa, ulikuwa nakunywa sana?"

Shingo zote za gari zikanigeukia. Hata redio nadhani ilipunguza sauti. Nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa.

"Hata kwetu bantu ba kanisa banakunywa. Mi nauliza juu ya ugonjwa, hapana juu ya mbingu."

Nikamjibu kwa sauti ya kusomea matangazo kwamba nimelishwa sumu, na mtu mwenyewe anajulikana. Mama mmoja wa nyuma akasema pole. Yule Mkongomani akasema "Bon," akageukia dirisha. Mpaka Kasulu hakunisemesha tena, na mimi nikamwona mtu mwenye dharau sana.

Kasulu nilimkuta Shangazi hajawa tayari. Alikuwa na mabegi mawili, kiroba cha unga wa muhogo, maharage, dagaa, na chupa tatu za mawese zilizofungwa kwa mifuko ya nailoni.

"Shangazi, Dar kuna chakula."

"Cha Dar ni cha watu wa Dar. Wewe unaumwa, mwana wanje. Utakula cha kwenu."

Nikamkumbusha kwamba nimekatazwa mafuta. Akasema mawese si mafuta, mawese ni mawese.

Kasulu hadi Dar, kwa kupita tena mlangoni kwangu

Basi la Dar liliondoka Kasulu alfajiri, na asubuhi likapita Busunzu. Nikaiona njia panda ya kwetu, nikamwona mbuzi wangu mwenyewe amekula kamba na kuingia kwenye maharage ya jirani. Nilikuwa nimesafiri siku nzima nikarudi nilipoanzia.

Mbele ya Kibondo tulisimamishwa kwenye kizuizi. Ofisa mmoja akapanda kukagua vitambulisho, kama ilivyo kawaida ya barabara yetu. Mimi changu nilikuwa nacho. Shangazi chake kilikuwa ndani ya begi, begi chini ya unga, unga chini ya mabegi ya watu arobaini.

"Mama, wewe ni wa wapi?"

"Mimi? Wa Kasulu."

"Hiyo lafudhi si ya Burundi hiyo?"

Ninyi mnamjua Shangazi. Alisimama mpaka kilemba kikagusa dari. "Mimi Muha wa Heru Juu. Babu yangu amezikwa Heru. Wewe umezikwa wapi?"

"Mama, Warundi wote wanasema ni Waha."

Akamshusha. Tukasimama pale karibu saa nzima, mabegi yakishushwa moja moja, Shangazi akihesabiwa babu zake kando ya barabara mbele ya abiria wanaomcheka. Kitambulisho kilipopatikana kilikuwa chekundu kwa mawese, lakini jina lilisomeka. Aliporudi kwenye kiti alikifuta kitambulisho kwa pindo la kitenge, na machozi yalikuwa karibu. Nikamwonea huruma kweli.

"Wananiita mimi Mrundi," akasema. "Mimi. Kama huyo mchawi wako Daforoza."

Nikafikiri nimwambie kitu hapo. Nikafungua mdomo, nikapiga miayo.

Baada ya Kahama basi likafa. Dereva alisema ni kitu kidogo. Kitu kidogo kilitulaza njiani mpaka kesho yake mchana, kikisubiri kifaa kutoka Shinyanga. Wauza chakula wakatokea porini, sijui huwa wanaambiwa na nani: chipsi mayai, mishikaki, mahindi. Mimi sikuweza kula chochote, kwa hiyo Shangazi alikula kwa niaba yangu. Kila alipoulizwa na abiria mgonjwa wake ana nini, alisimulia habari ya togwa tangu mwanzo, na kila aliposimulia togwa iliongezeka. Mpaka tunaondoka pale nilikuwa nimekunywa jagi zima, na Daforoza alikuwa amecheka nilipoanguka. Abiria walinipa pole nyingi, na mmoja akaniombea. Nikaitikia amina.

Hospitali, ambako mtu alilaumiwa kwa kubakiza

Daktari wangu wa upasuaji alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Shangazi alimwamkia vizuri, kisha akamuuliza daktari mwenyewe atakuja saa ngapi.

Yule daktari alicheka, akachukua karatasi akatuchorea. Kongosho, alisema, limelala nyuma ya tumbo la chakula, na kichwa chake kimekumbatiwa na utumbo mwembamba pale unapoanzia. Kazi yake ni kutoa maji ya kusagia chakula na kuchunga sukari ya mwili. Langu lilikuwa limevimba kichwani na kukakamaa, na mfereji wake umejaa vijiwe.

"Zamani tungekata kichwa chote pamoja na huo utumbo na jirani zake," akasema. "Wewe tutakuchimba sehemu iliyoharibika tu. Tutaufungua mfereji kwa urefu, tutoe vijiwe, halafu tushonee utumbo juu yake, maji yapate pa kupita. Vingine vyote tunaviacha mahali pake."

"Mnabakiza?" Shangazi akauliza.

"Tunabakiza makusudi, mama. Tukiliondoa lote, atajichoma sindano za sukari maisha yake yote. Kile kilichobaki ndicho kitakachomlisha."

Shangazi akanigeukia akasema kwa Kiha kwamba binti ni mzuri lakini kazi yake ni ya nusu. Mganga wa kwao Kasulu akianza kutoa, anatoa mpaka mwisho.

Kisha daktari akauliza swali lile la Mkongomani, kwa sauti ile ile ya kawaida, kama mtu anayeuliza una watoto wangapi. Nikamtazama Shangazi. Nikasema hapana, sijawahi. Daktari akaandika kitu, hakubisha. Jioni alirudi peke yake, Shangazi akiwa ameenda kutafuta jiko la mkaa ndani ya hospitali ya ghorofa, akavuta kiti.

"Nakuuliza tena kwa sababu nataka uamke salama kwenye usingizi wa dawa. Ulikuwa unakunywa?"

Nikamwambia yote: miaka saba, kikombe cha chai, nyuma ya jiko. Nilimaliza haraka kuliko nilivyodhani.

"Basi ndiyo hiyo," akasema. "Hakuna aliyekulisha. Na ukinywa tena, hata tone, nitakuwa nimekuchimba bure."

"Usimwambie Shangazi."

"Siri ni yako. Mimi si wa kuitoa."

Sijawahi kufurahia maadili ya mtu kama nilivyoyafurahia ya yule daktari.

Upasuaji wenyewe sina cha kusimulia. Niliambiwa nihesabu, nikafika tatu. Nilipozinduka nilikuwa na mipira puani, ubavuni na kwingine ambako waimbaji wa kike hawana haja ya kujua. Kidonda cha mbele kilikuwa kinawaka moto. Lakini mgongoni, pale nilipokuwa nachomwa usiku na mchana kwa miaka yote ile, palikuwa kimya. Nilisikiliza tena, kimya. Nikalia, na muuguzi akadhani nataka dawa.

Shangazi hakuwa na habari na mgongo. Alikuwa amewasumbua wauguzi siku mbili akidai aonyeshwe kilichotoka. Nyama walimkatalia, wakasema imeenda maabara. Vijiwe wakampa, ndani ya kichupa kidogo cha kifuniko cheupe, kwa vile wagonjwa wengi hupenda kuviona. Vilikuwa vitano, vyeupe, vyenye ncha, vidogo kuliko punje za mahindi. Alivigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakaa kitandani kwangu bila kuuliza, akapiga simu Busunzu.

"Vimetoka," akasema. "Ego, ndiyo, nimevishika kwa mkono wangu. Vitano. Mawe, mawe kabisa. Nani anaota mawe tumboni kama hajapandiwa?"

Mimi nilikuwa nimelala pale pale, mkono wake ukiwa juu ya goti langu. Mipira ilikuwa puani, si mdomoni.

Daktari alipopita akavikuta vijiwe mkononi mwa Shangazi na simu bado ina joto. Akaniangalia. "Nimweleze shangazi yako vinatokana na nini?"

"Mwache," nikasema. "Amechoka."

Siku zilizofuata zilikuwa za vita vya mawese. Mtaalamu wa lishe alikuta supu yangu imekuwa nyekundu, akatoa hotuba. Shangazi akasikiliza kwa heshima zote, na kesho yake akaweka mawese kwenye uji, ambako alidhani hayataonekana. Nilipewa vidonge vya kumeza pamoja na chakula, vya kusaidia kongosho lililobaki. Shangazi alivikataza: mtu hali dawa na chakula mdomo mmoja. Nilivimeza chooni, jinsi nilivyozoea kumeza mambo.

Siku ya kuruhusiwa mke wangu akapiga simu. Kikao kilikuwa kimekaa. Daforoza amepewa mpaka Ijumaa awe ameondoka.

"Anasema wakusubiri wewe," mke wangu akasema. "Anasema Ezekia ana neno. Una neno gani?"

"Nitafika Jumatano," nikasema. "Nitasema nikifika."

Dar hadi njia panda ya Busunzu

Kurudi basi halikuharibika hata mara moja. Ningekuwa mtu wa ishara ningesema kitu hapa. Kwenye kizuizi Shangazi alikuwa amekivaa kitambulisho shingoni tangu Dodoma, na hakuna aliyekiuliza.

Jumatano alasiri tukapita Kibondo. Tiketi yangu ilikuwa ya Kasulu, Shangazi ndiye aliyetaka hivyo, kwa sababu ndugu wa Kasulu walikuwa wameandaa kunipokea. Lakini tiketi haimfungi mtu. Nyumbani kwangu ni hapo hapo njia panda, hatua chache, na nilikuwa nimesema nitashuka.

Basi likapunguza mwendo. Na pale njia panda, kando ya wauza nyanya, alikuwa amesimama Daforoza. Kitenge chake cha bluu, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa anaangalia madirisha moja baada ya jingine, kuanzia mbele.

"Busunzu, wa kushuka?" konda akaita.

Shangazi akasonya. "Anakuja kumalizia."

Nikainama kama mtu aliyeangusha kitu. Mtu mwenye mshono mpya kutoka kifuani mpaka kitovuni hapaswi kuinama, na mshono ulinikemea vibaya, lakini niliinama mpaka chini. Nikakaa hivyo, pua yangu karibu na chupa tupu za mawese.

"Hakuna Busunzu? Haya, twende."

Nilipoinuka tulikuwa tumeshavuka. Nikajiambia Ijumaa bado, Kasulu si mbali, kesho nitarudi na mchomoko. Nikajiambia mgonjwa hapaswi kushtuliwa. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa nzuri.

Kasulu, siku tatu za kuku

Kasulu walinipokea vizuri mno. Alhamisi walichinja kuku. Ijumaa walileta samaki wa migebuka. Watu walikuja kwa zamu kuangalia mshono na kuangalia kichupa, na kichupa kilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akikitikisa asikie. Mzee mmoja alivitambua vijiwe: alisema vinachimbwa ng'ambo ya mto Malagarasi na wanaovijua ni Warundi tu. Nilikula kidogo, nikasifiwa sana. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilikula bila kujikunja, na sitawadanganya, nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti cha mgeni nikafurahi.

Mtasema labda simu haikuwa na chaji. Waimbaji mnayo ile picha ya mshono niliyowatumia, nikiwa nimenyoosha kidole gumba. Niliituma Alhamisi saa nne asubuhi. Chaji ilikuwepo.

Kasulu hadi Busunzu

Nilifika nyumbani Jumamosi. Nikapita kwa Daforoza kabla ya kwenda kwangu. Mabati yalikuwa yameshatolewa, kaka yake alikuja kuyatoa, na kuta zilikuwa zimebaki wazi juu. Nyuma, pale jikoni, jiwe nililozoea kuegemea lilikuwepo. Nikakaa juu yake mpaka mke wangu akaja kunitafuta. Nikamwambia yeye kwanza. Akasema, "Nilijua unakunywa, baba Eliya. Sikujua una roho hiyo." Akaenda kupika.

Jumapili nikasimama kanisani, siku ya matangazo, bila karatasi. Nikasema: sikulishwa kitu. Nilikuwa nakunywa gongo miaka saba, daktari amesema ndiyo sababu, vijiwe ni vyangu mwenyewe, Daforoza hana kosa. Nilitegemea mawe, kusema kweli, na nilikuwa nimejiandaa nayo.

Walinisamehe kabla sijakaa. Kina mama walipiga vigelegele. Mchungaji akasema kondoo amepatikana, kwaya ikaanza wimbo, mkanikumbatia ninyi wenyewe mnaosoma hapa, mkijihadhari na mshono. Ukatibu nimevuliwa kwa miezi mitatu, nipumzike. Nje ya kanisa Mzee Bandora, mwenyekiti wa ukoo wetu, alinishika bega. "Kunywa ulikunywa, sikatai," akasema. "Lakini mtu mzima kama wewe, nani alikutia hiyo hamu?" Shangazi naye kwa simu alisema ni dawa ya usingizi, haijatoka kichwani. Kichupa anacho yeye mpaka leo.

Jina la Daforoza nililitaja mimi peke yangu siku ile. Nilihesabu.

Buhigwe

Hii ndiyo sehemu ambayo sijamwambia mtu. Wiki mbili baadaye nikapanda mchomoko mpaka Kasulu, na mwingine mpaka Buhigwe, ambako nilisikia amekwenda kwa dada yake. Sikupata tabu kumwona. Alikuwa karibu na ofisi za wilaya, ana jiko lake na ndizi zake, na wafanyakazi wa ofisini wamemzunguka.

"Mwidiwe," nikamwamkia.

Akaitikia. Akanipa kigoda, kilikuwa kimoja tu. "Rangi imekurudia, katibu."

"Si katibu tena. Nimesema, dada. Kanisani, mbele ya wote."

Akageuza ndizi mbili tatu. "Wakasemaje?"

"Wamenisamehe."

"Upesi?"

"Upesi."

"Na mimi wamenisamehe?"

"Wewe hukukosa kitu, Daforoza."

"Hilo tunalijua sisi wawili. Nakuuliza kikao kimesema nini."

Nikamweleza kwamba kikao bado hakijakaa. Watu wako kwenye mavuno, Mzee Bandora anataka wawepo wote, jambo zito haliamuliwi na wachache. Niliyasema yote haya kwa ufasaha. Yeye alikuwa anasikiliza huku anapepea mkaa.

"Cha kunifukuza kilikaa kwa simu moja tu," akasema.

Akaja mteja, mzee mwenye fimbo, akaagiza ndizi mbili, akaangalia pa kukaa. Nikasimama nikampisha.